Karo la Nyumba za Wafanyakazi Liingizwe Katika Mkataba



Katika mikutano ya matawi yetu hapa Kashikishi tumezoea kuzungumza mishahara, saa za ziada, likizo na kufukuzwa kazi bila sababu. Ni haki yetu kuyazungumza. Lakini safari hii twataka kusema juu ya jambo ambalo watu huliepuka kwa ajili ya haya: maji machafu yanayotoka katika vyoo vya nyumba tunazolala, shimo yanamokwenda, na sheria zinazosema shimo hilo liweje. Wapo watakaocheka. Na wacheke. Mwaka 2023 kipindupindu kilipoingia mkoa wa Luapula, katika wilaya za Mwansabombwe na Nchelenge, hakikuuliza nani ni mwanachama na nani si mwanachama. Na kuanzia Oktoba ya mwaka huo hadi katikati ya mwaka 2024, ugonjwa huo ulipoenea nchini Zambia na kuipiga Lusaka kuliko mahali pengine popote, uliwapata watu zaidi ya 20,000 na kuwaua zaidi ya 700. Kuzungumza habari za choo baada ya hayo si jambo la kuonea haya.

Sisi wa ukurasa huu wa Kiswahili wengi wetu tuna jamaa ng'ambo ya ziwa, Pweto na Kilwa (Kilwa ya Kongo, siyo ile ya Tanzania). Maji ya Mweru ni yale yale kwa pande zote mbili. Kinachoingia majini Kashikishi huchotwa kwa ndoo na mtu fulani, na mtu huyo huenda ni shangazi yako.

Tuanze na kitu chenyewe, maana wengi wetu tunakatwa kodi ya nyumba kila mwezi bila kujua kilicho chini ya ua. Nyumba zenye choo cha kumwaga maji lakini zisizo na bomba kubwa la maji machafu la mji huwa na karo, au septiki tangi kama mafundi wanavyoliita. (Si karo ya shule, ingawa nayo hutumaliza.) Karo ni tangi la matofali au zege lililozibwa vizuri, na kwa kawaida huwa na vyumba viwili. Chumba cha kwanza huchukua kama theluthi mbili za urefu wake. Maji yapaswa kukaa mle siku nzima angalau. Vizito huzama na kuwa tope, mafuta na povu huelea juu, na maji ya katikati hupita chini ya bomba lenye umbo la herufi T kwenda chumba cha pili, kisha hutoka kwenda katika shimo la kupenyeza au mitaro ya changarawe, na huko udongo huyapokea.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Hudhani kwamba tangi husafisha maji. Tangi hupunguza tu. Karo zuri lililotunzwa huondoa karibu nusu ya chembe ngumu. Vijidudu vya maradhi hubaki wengi mno katika maji yanayotoka, hata kama maji hayo yanaonekana mepesi kwa macho. Kazi ya kuua vijidudu hufanywa na udongo, ikiwa udongo huo ni mkavu, una hewa, na una kina cha kutosha kabla ya kufikia maji ya ardhini. Mafundi hutaka kuwe na kiasi cha mita moja na nusu ya udongo mkavu kati ya chini ya shimo la kupenyeza na mahali maji ya ardhini yanapofika yakiwa juu kabisa. Hutaka pia shimo hilo liwe mita 30 au zaidi mbali na kisima.

Sasa simama Kashikishi uangalie. Sehemu kubwa ya pwani yetu ni mchanga. Mchanga hupitisha maji upesi, na mwenye nyumba hufurahi kwa kuwa shimo lake halijai. Lakini upesi huohuo ndio hatari, maana maji hufika kisimani kabla udongo haujapata nafasi ya kufanya kazi. Tena ziwa lenyewe halikai mahali pamoja. Mweru hupanda na kushuka kila mwaka kwa mita moja na nusu na zaidi: huwa chini kabisa karibu na Januari, na huwa juu kati ya Machi na Mei, maji ya mto Luapula yanapomaliza kupita katika mabwawa yake na kutufikia. Maji ya ardhini ya pwani hupanda pamoja na ziwa. Kwa hiyo fundi anayechimba mwezi wa Novemba hukuta mchanga mkavu, akajenga, akalipwa, akaenda zake. Mwezi wa Aprili shimo limejaa maji kutoka chini, choo hakishuki, na kinachotoka katika karo hakipenyezwi mahali popote: kimeungana na ziwa moja kwa moja. Karo lililokuwa halali Novemba si halali Aprili, na hakuna mtu aliyeligusa.

Ndiyo maana dai letu la kwanza ni dogo, wala halina gharama: upimaji wa ardhi kwa ajili ya karo lolote la nyumba za wafanyakazi ufanywe Aprili au Mei, si wakati mwingine. Mwajiri anayepima Novemba anapima anachokitaka.

Mtu atasema, je, hizi sheria zenyewe ziko wapi? Ziko, tena ni nyingi, na zimekuwa zikibadilika. Sheria ya afya ya watu wote ya Zambia ni ya mwaka 1930, ya wakati wa mkoloni, na kanuni zake za mifereji na vyoo ndizo zilizompa bwana afya uwezo wa kuingia uani na kumwamuru mwenye nyumba. Mkoloni alizitumia zaidi mahali walipokaa wazungu. Kambi za wafanyakazi zilipata ndoo na shimo. Mwaka 1990 Bunge la Zambia lilitunga sheria ya kulinda mazingira na kuzuia uchafuzi, likaundwa Baraza la Mazingira, na mwaka 1993 zikatoka kanuni za maji machafu zilizoweka vipimo vya kile kinachoruhusiwa kumwagwa mitoni na ziwani. Mwaka 1997 ilikuja sheria ya maji na usafi iliyounda NWASCO. Mwaka 2011 ile ya 1990 ikafutwa, ikaja sheria mpya ya kusimamia mazingira, na baraza la zamani likawa ZEMA. Kanuni za leseni zikafuata mwaka 2013, na sheria yenyewe ikarekebishwa tena mwaka 2023. Sheria ya mipango ya miji na mikoa ni ya 2015. Kanuni za visima na maji ya ardhini, zilizo chini ya WARMA, ni za 2018.

Katika hayo yote, badiliko lililotugusa sisi zaidi halikupigiwa ngoma. Kwa miaka mingi kampuni za maji za mikoa zilihesabu kwamba kazi yao ni mabomba: bomba la maji safi na bomba la maji machafu. Mtu mwenye karo au choo cha shimo alikuwa peke yake na Mungu wake. Mwaka 2018 NWASCO ilitoa mwongozo wa huduma za vyoo visivyounganishwa na bomba la mji na wa kuondoa tope lake, ukisema kwamba hiyo nayo ni huduma ya kusimamiwa, kama maji ya bomba. Maana yake kwetu ni kwamba kampuni ya maji ya Luapula, yenye makao yake Mansa, haiwezi tena kusema karo la Kashikishi halimo katika kazi zake. Ni watu wangapi katika matawi yetu waliosikia habari hii? Tulipouliza katika mkutano mmoja, mikono mitatu ilinyanyuka, na mmoja wao alikuwa ni fundi bomba.

Tunarudi kwa waajiri na wenye nyumba. Jawabu lao tunalijua, limekuwa kama wimbo: ramani ya nyumba ilipitishwa na halmashauri, mhuri upo, kwa hiyo sheria imetimizwa. Twawauliza: ilipitishwa mwaka gani, na kwa ajili ya watu wangapi? Ngojeni tufanye hesabu pamoja, kila mtu aifuate kwa kalamu yake.

Chukua safu ya nyumba nne za wafanyakazi, kila nyumba watu sita, jumla watu 24. Nyumba ikiwa na bomba ndani, tuseme kila mtu hutoa lita 80 za maji machafu kwa siku. Hiyo ni lita 1,920 kwa siku, na karo lazima liwe na nafasi ya kuyakalisha siku nzima. Kwa hesabu ya mafundi, tope huongezeka kwa kiasi cha lita 40 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Watu 24 ni lita 960 kwa mwaka, na ikiwa karo linanyonywa kila baada ya miaka mitatu, ni lita 2,880. Jumlisha: lita 4,800. Fundi mwenye akili ataongeza kidogo kwa ajili ya povu na hewa, lakini tuseme lilijengwa la lita 4,800 kamili, na ramani ikapigwa mhuri kihalali.

Miaka ikapita. Kiwanda kikaongeza watu, nyumba hazikuongezwa. Kila chumba kikapata kitanda cha pili, ndugu wakaja kutoka kijijini, ua ukapata vibanda vya kupanga. Watu sasa ni 48. Maji ya siku ni lita 3,840. Nafasi iliyobaki kwa tope ni lita 960 tu, na watu 48 huijaza kwa miezi sita. Karo lililokuwa la miaka mitatu limekuwa la nusu mwaka. Kama halinyonywi baada ya miezi sita, tope linatoka pamoja na maji, linaziba mchanga wa shimo la kupenyeza, na shimo lililozibwa hivyo halifufuki kwa kunyonya karo. Lazima lichimbwe jingine. Mhuri wa ramani bado upo ukutani ofisini, safi kabisa.

Tunalijua shauri la mwajiri mmoja wa pwani hii, ambaye hatutamtaja jina, aliyewaambia wapangaji wake kwamba karo limejaa kwa sababu wanawake wao wanatupa matumbo ya samaki chooni. Kweli matumbo ya samaki yalikuwamo. Tusifichane: vitambaa, matumbo ya pale, magamba na mafuta ya kukaangia havifai kutupwa chooni, na wenzetu wanaovitupa wanatuumiza sote. Wala si kweli kwamba kutumbukiza kuku aliyekufa katika karo hulifanya lifanye kazi vizuri; hiyo ni kupoteza kuku. Lakini karo lile lilikuwa likitumiwa na watu mara tatu ya waliohesabiwa. Mwajiri alitoza kila nyumba fedha ya kunyonya, akazikata katika mshahara, na tope likamwagwa katika matete mita chache kutoka mahali chisense inapoanikwa. Wafanyakazi walilipa mara mbili: kwanza kwa mshahara, kisha kwa matumbo yao.

Hapo lipo jambo ambalo mwajiri mmoja, hata akiwa mwema, hawezi kulimaliza peke yake. Ikiwa kiwanja ni mita 15 kwa 20, na kila kiwanja kina kisima chake na shimo lake la kupenyeza, hakuna fundi duniani atakayepata mita 30 kati ya shimo na kisima. Ukilihamisha shimo ulitoe karibu na kisima chako, umelisogeza karibu na kisima cha jirani. Sheria hii haiwezi kutimizwa nyumba kwa nyumba. Yatimizwa mtaa kwa mtaa. Ama maji yatoke mbali kwa bomba na visima vya uani vifungwe, ama mtaa mzima uwe na karo kubwa la pamoja mahali palipoinuka, mbali na ziwa. Watu waliozoea kusema kila mtu ajitegemee katika ua wake hawalipendi jawabu hili. Mchanga haujali wanachokipenda.

Mahali palipo chini mno, ambapo hata Januari maji yako karibu, karo la kawaida lisijengwe kabisa. Zipo njia nyingine zinazojulikana: kuinua kilima cha mchanga juu ya ardhi na kupenyeza maji ndani yake, kupitisha maji katika kitalu cha changarawe kilichopandwa matete, choo kikavu kinachotenga mkojo na kinyesi juu ya ardhi, au tangi lililozibwa pande zote, lisilotoa kitu, ambalo hunyonywa mara kwa mara. Hiyo ya mwisho ni ghali kuiendesha, nasi twaionea shaka, maana tangi lililozibwa bila gari la uhakika hutobolewa usiku na wenyewe. Kitalu cha matete twakipenda zaidi. Matete tunayo.

Tumesema gari la kunyonya. Ndugu zetu, huo ndio unyonyaji pekee tunaoudai! Lakini tuulize maswali yake yote: gari linatoka wapi, linapeleka wapi, na nani anayeshika mpira. Tope likinyonywa Kashikishi na kumwagwa bondeni, limerudi Kashikishi kwa mvua ya kwanza. Lazima pawe na vitanda vya kukaushia tope, mbali na maji, vyenye mtu wa kuvitunza. Isisemwe kwamba mambo haya ni ya miji mikubwa. Katika mtaa wa Kanyama, Lusaka, wenye maskini wengi na maji yaliyo karibu na uso wa ardhi, chombo cha maji cha wakazi wenyewe kilianza tangu mwaka 2012 kuondoa tope la vyoo kwa vifaa vya mkono na mapipa, na kulipeleka mahali pa kulisafisha. Walianza kabla ya mwongozo wa 2018, na si siri kwamba mwongozo ulijifunza kwao. Mfuko wa maendeleo wa jimbo ulikuwa kwacha milioni 1.6 kwa kila jimbo. Mwaka 2022 ulipandishwa hadi milioni 25.7. Tumeona vyoo vya shule na soko vikijengwa kwa fedha za mifuko hiyo katika nchi. Gari na vitanda vya tope havina utepe mzuri wa kukata mbele ya wapiga picha, lakini ndivyo tunavyovihitaji.

Na anayeshika mpira ni mfanyakazi mwenzetu. Ndani ya karo kuna hewa ya sumu inayoweza kumwangusha mtu kwa pumzi chache, na mara nyingi anayeingia kumwokoa hufa naye. Mwaka 2019 Shirika la Kazi la Kimataifa, Shirika la Afya Duniani, Benki ya Dunia na WaterAid walitoa ripoti kuhusu wafanyakazi wa usafi wa vyoo katika nchi tisa, na habari yake ni hiyohiyo kila mahali: mikono mitupu, hakuna mkataba, hakuna bima, na aibu juu. Tunatamka kwa niaba ya matawi yote: mwanachama yeyote asikubali kuingia ndani ya karo, hata akiahidiwa fedha mkononi, hata bwana akisema ni dakika mbili. Kazi hiyo hufanywa kutoka juu, kwa pampu au kwa vifaa virefu, kwa glavu na buti, mkononi kukiwa na mkataba.

Wenzetu wa mashamba ya chai kule Kawambwa wasidhani ukurasa huu hauwahusu. Udongo wa miinuko si mchanga wetu. Mahali udongo ni mzito tatizo huwa kinyume, maji hayapenyezi, yanatokea juu ya majani na kutiririka kwenda chemchemi ya bondeni ambako safu nyingine ya nyumba inachota. Wapime kwao kwa kipimo kilekile: chimba kishimo cha kina cha shimo linalokusudiwa, kijaze maji usiku kucha udongo ushibe, kesho ujaze tena na kuangalia kwa saa maji yanashuka kwa kasi gani. Jambo hilo halihitaji digrii. Mjumbe wa tawi mwenye saa na rula aweza kulifanya mbele ya meneja, na majibu yakaandikwa.

Wako wanaotuambia kwamba mwaka huu ni sheria ya mazingira, mwaka kesho itakuwa nyingine, na kila ikibadilika ni maskini anayebomolewa. Neno hili tunalichukua kwa uzito, kwa kuwa lina ukweli. Tanzania, kwa sheria yake ya mazingira ya mwaka 2004, imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa bahari au ziwa. Uganda imeweka mita 200 kwa maziwa makubwa kama Nyanza. Makusudi ni mema. Lakini mvuvi na mkausha chisense hawezi kukaa mita 200 mbali na mtumbwi wake, na tumeona katika nchi mbalimbali kwamba kipimo cha mita hukunjwa mbele ya hoteli na kunyooshwa mbele ya kibanda. Sisi msimamo wetu ni kwamba kinachotakiwa kusogezwa mbali na maji kwanza ni shimo, si mtu. Bomba lina uwezo wa kwenda mbali. Mama mwenye kikapu cha samaki hana. Halmashauri ya Mji wa Nchelenge ikitaka kutuhamisha kwa jina la mazingira, ituonyeshe kwanza ramani ya karo la pamoja lililokataliwa, na sababu za kulikataa.

Hata hivyo hatukubaliani na wale wanaotaka kanuni zilegezwe kwa kuwa sisi ni maskini. Kanuni iliyolegezwa kwa ajili ya maskini ni kipindupindu cha maskini. Maji hayalegei. Ng'ambo, ziwa Tanganyika lilipopanda katika miaka hii ya karibuni na kufurika Uvira na Kalemie mwaka 2024, vyoo na makaro ya pwani yalikuwa ndani ya maji pamoja na nyumba. Waliojenga kwa kipimo cha zamani cha ziwa walipoteza vyote. Sheria inayosema tupime upya si uchokozi wa serikali. Ziwa lenyewe limepima upya.

Basi swali ni moja: nani alipe? Sheria ya ajira ya Zambia ya mwaka 2019 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayehusika nyumba, au mkopo wa nyumba, au posho ya nyumba. Waajiri wengi wamekimbilia posho, nasi tulipiga makofi kwa kuwa ni fedha. Lakini posho haina karo. Mwenye nyumba za safu angekuwa mwajiri, angewajibika. Akiisha kutupa posho ananawa mikono, na sisi tunaangukia kwa mwenye vibanda ambaye ramani hana kabisa. Mkataba wa Kimataifa wa Mashamba Makubwa wa mwaka 1958 na Pendekezo la Nyumba za Wafanyakazi la 1961, vyote vya Shirika la Kazi la Kimataifa, vinahesabu maji na vyoo kuwa sehemu ya nyumba, na vinataka vyama vya wafanyakazi vishauriwe. Nyumba isiyo na mahali halali pa maji yake machafu, kwa kipimo hicho, haijamalizika kujengwa. Posho inayotolewa badala ya nyumba yapaswa kutosha kupanga nyumba iliyomalizika.

Pia tuna sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2010, inayotaka mahali penye wafanyakazi kumi au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya. Kamati nyingi tulizo nazo hukagua helmeti na ndoo za mchanga wa moto, kisha hunywa chai. Zikague na makaro ya nyumba za kampuni. Fimbo ndefu iliyofungwa kitambaa cheupe hutosha kupima tope: itumbukize hadi chini, iache kidogo, itoe uone weusi umefika wapi. Likifika theluthi moja ya kina, wakati wa kunyonya umefika, hata kama kalenda ya meneja inasema bado.

Jambo la fedha lina wakati wake pia. Uvuvi hufungwa tangu Desemba hadi mwisho wa Februari, na katika miezi hiyo mji mzima huwa mkavu mifukoni, hata kwa sisi tusiovua, maana barafu haiuziki, malori hayapakii, na wapangaji hawalipi. Ndiyo miezi ambayo ziwa linaanza kupanda. Makaro yaliyojaa Desemba hubaki hivyo hadi Machi, na Machi maji yako juu. Kwa hiyo kunyonya kufanywe Oktoba na Novemba, na gharama iwe ya mwenye nyumba, isikatwe katika mshahara wa mtu kwa njia ya mlango wa nyuma inayoitwa "huduma".

Tawi la Kashikishi limekwisha andika kifungu chake. Kinasema: kila safu ya nyumba iwe na ramani ya karo iliyobandikwa mahali pa kuonekana, yenye ujazo wa tangi, idadi ya watu waliokusudiwa, tarehe ya kunyonywa mara ya mwisho na kina cha maji ya ardhini kilichopimwa Aprili au Mei; idadi ya watu ikizidi, mwajiri apanue karo au ajenge nyumba, si kuwafukuza watu; sheria ikibadilika, ramani ipimwe upya ndani ya miezi kumi na miwili kwa gharama ya mwajiri; na maandishi hayo yawe kwa Kibemba na Kiswahili, si Kiingereza peke yake. Matawi mengine yachukue maneno haya, yayarekebishe kwa udongo wao, na kuyarudisha kwa katibu kabla ya mazungumzo ya mkataba kufunguliwa. Kifungu cha nyumba ndicho tutakachoanza nacho safari hii, kabla ya mishahara, na ile hesabu ya lita 4,800 itakuwa mezani mbele ya mwajiri, pamoja na kalamu.